Mtani wa Mzee Tibori

Guangzhou, China
Novemba 2006

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya mjukuu wako Kauthar, ambaye ulimi bado mzito lakini kichwa anakiinamisha vizuri sana akiambiwa asalimie. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepoa, usingizi unakuja wenyewe, na mvua za vuli zimeshafika huko Kisarawe mihogo ikapata kunywa. Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza kunyemelea, asubuhi natoka na shuka mabegani kama bibi harusi. Msabaha, baba Kauthar, hajambo, yuko mbioni na kontena lake, leo Shahe kwenye nguo, kesho Huangpu bandarini, nyumbani anakuja kubadilisha shati tu. Shangazi Hafidha, najua wewe ndiye unayesoma. Nakusalimu na wewe, na nakuomba usome yote bila kuruka, hata pale utakapotaka kumwangalia Mama usoni kwanza.

Barua anawaletea Abdulwakil wa Kariakoo. Ningeweza kupiga simu, lakini haya siyo maneno ya kadi ya simu, yakikatika katikati utabaki na ile nusu mbaya. Ni habari za msiba. Aliyefariki humjui, Mama, ila msibani kwake nimefanya jambo ambalo ni wewe peke yako unayeweza kuniambia kama nimepatia au nimeharibu. Alikuwa Mzungu, mzee, kazi yake mwigizaji, jina lake Tibori. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumchukua, binti yake, na binti huyo hakumtaka. Hilo ndilo lililotukosesha raha humu ndani.

Nianze mwanzo. Zile sufuria nyeusi zisizoshika chakula, ambazo na wewe unayo moja, Msabaha alikwenda kuziagiza kiwandani, na mimi nikamfuata na Kauthar mgongoni. Tukakuta zulia jekundu, ngoma zinapigwa, na Mzungu mrefu mwenye suti na ua jekundu kifuani. Tukaambiwa huyo ni Mkurugenzi, ametua jana tu kutoka Ujerumani. Akakata utepe, akahutubia kwa lugha yake, sauti ya kutetemesha mabati, na mkalimani akatueleza kwamba Ujerumani nzima inapikia sufuria hizi. Msabaha akanikonyeza. Akaagiza palepale.

Jumapili iliyofuata nashuka ngazi za jengo letu hapa Xiaobei na ndoo ya taka, namwona Mkurugenzi anapanda. Kandambili miguuni, fulana imetoboka kwapani, mkononi mfuko wa vitunguu majani. Akaniona, na akajua kwamba nimemjua. Nikamwuliza kwa Kichina changu cha sokoni, “Laoban, Ujerumani hawajambo?” Laoban huku ndiyo bosi. Basi Mama, badala ya kunipita na aibu yake, yule mzee aliweka vitunguu chini, akanyoosha mgongo, akaniinamia kama aliye mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Kumbe hiyo ndiyo kazi yake. Huku viwanda vinafunguliwa kila kukicha, na kila mwenye kiwanda anataka sura ya Kizungu siku ya utepe. Kuna wakala, mama mmoja wa Kichina, kazi yake kukodisha sura hizo. Mzee Tibori alikuwa leo Mkurugenzi wa sufuria, kesho daktari wa dawa ya nywele, keshokutwa mjenzi wa maghorofa kutoka Italia. Hotuba zake hakuna aliyezielewa. Ile ya sufuria, aliniambia mwenyewe, yalikuwa maneno ya mlevi anayembembeleza punda wake amrudishe nyumbani, kutoka kwenye mchezo aliocheza akiwa kijana. Msabaha alipoelezwa alinuna siku mbili. Mimi nilicheka mpaka Kauthar akaogopa. Na sufuria zenyewe nzuri, au siyo?

Toka siku ile tukawa watani. Mimi nikipita mlangoni kwake naita Mkurugenzi toka nje, mdai wako wa Ujerumani amefika. Yeye akija kwetu anamwigiza Msabaha anavyobishana na wauza nguo wa Zhanqian, anavyojifanya anaondoka huku shingo imebaki nyuma. Msabaha akasahau kununa. Tulizungumza kwa Kichina kibovu, Kiingereza cha kuokoteza, na mikono, na kilichobaki alikiigiza. Ndivyo nilivyoyajua maisha yake, Mama, kwa kuyaona yakichezwa katikati ya marobota ya nguo.

Kwao ni Hungaria. Baba yake alikuwa kinyozi jirani na jumba la michezo ya kuigiza, akiwanyoa waigizaji, na Tibori akiwa bado kijana mdogo akaingizwa jukwaani kushika taa na kunyamaza. Alinionyesha namna alivyonyamaza. Watu, anasema, walimtazama yeye wakaacha kuwatazama wakubwa, ndipo wakampa la kusema. Akawa mfalme, akawa mwizi, akawa mama mkwe, maana alivaa hata magauni. Halafu sinema ikamwita. Huko walimpenda kwa kufa. Alipigwa risasi, akazama, akaanguka kutoka paa la kanisa, na kila kifo alituchezea, Kauthar akipiga makofi. Sinema moja tu hakufa. Alikuwa dereva wa treni aliyesimamisha mabehewa yote porini ili abiria wawili wafunge ndoa. Kwa hiyo moja, nchi nzima ilimjua, watoto wakimpigia honi barabarani kwa midomo.

Baadaye mambo ya kwao yakageuka. Serikali nyingine, pesa nyingine, majumba ya sinema yakafanywa maduka ya magari. Mkewe alishafariki. Akapata nafasi ya kuja China na kundi la waigizaji kwa msimu mmoja, akamwacha binti yake, Ildiko, ana miaka kumi na minne, kwa shangazi mtu. Alimwambia msimu ukiisha narudi. Kundi likavunjika hukuhuku, wenzake wakarudi, yeye akaona aibu kurudi mikono mitupu. Akasema asubiri kidogo apate kazi ya maana. Mama, unajua kidogo ya mtu mwenye aibu ilivyo ndefu. Hapo tu ndipo hakuigiza. Alisema akiwa amekaa, mikono magotini.

Siku moja nikamweleza utani wetu hasa, siyo huu wa kutaniana kwenye ngazi. Nikamwambia kwetu Wazaramo tuna Wanyamwezi, na mama yangu ni mtani anayetafutwa. Akifa Mnyamwezi, mama huvaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, waliokuwa wanalia wakachekea machozini, na jeneza halipiti mpaka wafiwa watoe chochote kumkomboa mtu wao. Mzee wa watu alinyanyuka kwenye kiti. Alitaka kujua kila kitu, koti gani, nani anaanza, mnafanya mazoezi lini. Mwisho akaniuliza, na mimi nani atanicheza? Nikasema kwa mzaha, mimi hapa. Akasema haya, nione.

Basi akanifundisha kumwigiza yeye mwenyewe! Nilipochechemea alikataa, akasema unaigiza mguu, acha mguu, igiza goti linaloziogopa ngazi, mguu utafuata wenyewe. Maneno ya mlevi na punda nikayashika yote kwa sikio, neno mojamoja maana yake sijui mpaka kesho. Siku nilipopatia, akaniambia sasa ninaweza kufa. Nikamwambia kufa uende zako, koti liache.

Alifariki mwezi uliopita asubuhi kweupe, amekaa kwenye benchi chini ya jengo anangoja gari la wakala, suti imenyooka, ua kifuani. Mimi na Kauthar tulipita tukamsalimia, tukadhani anatutania.

Wakala, Mungu ambariki, alihangaika na ubalozi mpaka Ildiko akapatikana, akaja. Huku hawakumzika, walimchoma kama desturi ya hapa, na majivu yakatiwa kwenye kisanduku cha mbao. Siku ya kuagana, hukohuko walikomchoma, tulikuwa wachache: wakala, majirani wawili, Ildiko, mimi, na Alphonce, kijana wa Moshi anayesomea udaktari huku, nilimwomba aje atafsiri. Msabaha alikuwa Huangpu na kontena. Ildiko ni dada mzuri, mrefu kama baba yake, lakini alisimama mbali kama mtu anayengoja foleni ya benki. Alphonce aliniambia dada huyo amemwuliza wakala kama majivu lazima ayachukue yeye.

Hapo, Mama, nikaona nisipofanya kitu mzee wangu ataachwa kaunta. Na nilikuwa nimemwahidi. Nikatoka nje, nikavaa koti lake refu aliloniachia, kofia yake, ua nikachomeka, Kauthar mgongoni. Nikaingia na lile goti. Nikakata utepe usiokuwepo. Nikahutubia, punda na mlevi, herufi kwa herufi, na sauti ya mabati. Wakala aliziba mdomo, halafu akashindwa, akacheka, akalia, akamshika jirani bega. Alphonce alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye Mchaga, utani wao na Wapare unaishia mdomoni, haufiki msibani. Ildiko hakucheka. Aliganda.

Nami nikaenda mpaka mwisho kama unavyofanya wewe. Nilikinyakua kisanduku, nikakaa nacho chini, nikakikumbatia, nikasema hatoki mtu hapa, mwenye mzee wake amkomboe! Alphonce akatafsiri huku jasho linamtoka, kwamba baba yako hatoki mpaka utoe kitu. Ildiko akaniangalia mimi, akaangalia koti la baba yake mwilini mwangu, akamwangalia mtoto mgongoni. Akasema maneno machache, akachukua mkoba wake, akatoka. Nikamwuliza Alphonce kasema nini. Akanitafsiria. Kasema, “Basi, abaki naye.”

Mama, katika misiba yote uliyokwenda, kuna mfiwa aliyewahi kukuachia maiti mkononi?

Sasa hili ndilo nililokuficha. Siku ile uliponipigia ukaniuliza mbona sauti iko chini, nikasema mafua, hayakuwa mafua. Nilikuwa nimekaa na Mzee Tibori pembeni. Nilimleta nyumbani, ningemtupa wapi? Nikamtia ndani ya boksi la sufuria, nikafunika na khanga. Msabaha aliporudi sikumwambia. Nikasema kwanza apumzike, halafu kwanza ale, halafu kwanza aoge. Akatoka bafuni akalinyanyua lile boksi, anataka kumpa Abdulwakil sampuli. Nilimrukia kama paka. Hapo nikasema yote.

Alikaa chini. Akasema Inna lillahi. Akasema, “Sihaba, umeniwekea maiti na sufuria?” Nikadhani atanifukuza pamoja na mzee wangu. Halafu akasema mtu hakai sakafuni, akampandisha juu ya kabati mwenyewe, kwa mikono miwili. Lakini akaniambia vilevile kwamba mimi nimeteka mtu wa watu, na mtoto wa mtu akiondoka bila baba yake, hilo litanifuata mimi, siyo utani. Alphonce akapiga simu hotelini kwa Ildiko, akaambiwa hataki. Akapiga tena, haikupokelewa. Nilikuwa nakunja nguo za Kauthar na kuzikunjua. Niliona nimemharibia mzee njia yake ya mwisho, na yeye alinipa koti kwa imani.

Siku aliyokuwa asafiri, mchana, mlango ukagongwa. Msabaha akafungua na Kauthar mkononi. Ildiko huyo, Alphonce nyuma yake. Dada hakusalimia. Alimtazama Kauthar, akamtazama Msabaha, akarudi kwa Kauthar. Unajua mwanangu alivyochukua masikio ya kina Msabaha, yamesimama kama vishikio vya kikombe. Akamwuliza Alphonce kwa Kiingereza, mtoto huyu wa nani?

Ndipo nikaelewa, Mama. Aliponiona na koti la baba yake, na mtoto mgongoni, namng'ang'ania mzee na kudai nilipwe, alidhani mimi ni mke mdogo! Alidhani baba yake alimwacha yeye akaja kulea huyu. Msabaha naye Kiingereza hicho alikielewa, akawaka. “Wa nani? Wa kwangu! Mzee wa watu ngazi zenyewe zilimshinda!” Alphonce akatafsiri yote bila kupunguza, sijui kwa nini. Ildiko akakaa juu ya robota, akafunika uso. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu ndiyo akalia.

Nikampa chai na maandazi. Alisema alikuja amwone huyo mwanamke aliyepewa miaka ambayo ilikuwa yake. Nikamwambia hakuna aliyepewa, dada yangu, alikaa peke yake na vitunguu vyake, jina lako alilitaja akiwa amekaa. Nikamweleza na utani, polepole, Alphonce akisaidia. Nikasema mtani anayedai fidia siyo mwizi, anamwambia mfiwa kwamba mtu wako ana thamani. Nikasema nimekosa kutokueleza kwanza, mchukue baba yako, sidai kitu.

Akakataa. Aliniuliza kwenu wanatoa nini. Nikasema chochote, hata punje ya mahindi. Akafungua mkoba, akatoa pesa, nikamrudishia mkono. Wewe ungezipokea, najua, usicheke. Akafikiri. Halafu akaomba koti.

Alilivaa, likamkaa kama alishonewa. Akasema yule mwenye goti bovu simjui, huyo ni wenu. Wangu ni mwingine. Akatwambia baba yake akitoka kwenda kazini hakuondoka mara moja. Alifunga mlango, akashuka kidogo, kisha akarudi akabisha hodi kama mtu mgeni, leo mtu wa posta, kesho padri, keshokutwa mjane anayetafuta mbuzi wake, na yeye mtoto alitakiwa kumjibu huyo mgeni na siyo baba. Siku aliyokuja China alifunga mlango, na Ildiko alisimama nyuma ya huo mlango anangoja abishe. Anasema alingoja sana.

Baada ya kusema hivyo alitoka nje na koti, akafunga mlango wetu. Akabisha. Halafu ikaja sauti, Mama, nzito, ya kiume, kwa lugha yao, inauliza kitu kwa adabu. Siyo sauti ya mzee niliyemjua mimi, ilikuwa ya mtu mwenye nguvu na haraka. Msabaha alisimama. Alphonce hakuwa na la kutafsiri. Mimi niliyejisifu kuwa ndiye mtani wake sikujua anayebisha ni nani wala anajibiwaje.

Kauthar ndiye aliyejua. Aliteremka mikononi mwa baba yake, akaenda kwa zile hatua zake za kupepesuka mpaka mlangoni, akaupiga kwa kiganja, akaita, “Babu!”

Kisha ile sauti ikajibu, ikamwambia mwanangu maneno marefu, taratibu, na Kauthar akajibu kwa lugha yake anayoijua mwenyewe, wakazungumza hivyo na mlango katikati yao. Nilipofungua, Ildiko alikuwa amepiga magoti juu ya zile ngazi. Nilikileta kisanduku, nikampa kwa mikono miwili, nikasema umekombolewa mzee, nenda. Msabaha alimbebea begi mpaka kwenye teksi. Kisanduku hakukiachia, alikipakata.

Basi ndiyo hayo, Mama. Nijibu kwa Abdulwakil akirudi: fidia ya namna hii inahesabika? Na ujue kwamba nimemwambia Ildiko sisi na Wahungaria ni watani kuanzia sasa. Sikuwa na ruhusa, nimejianzishia. Akija Kisarawe siku moja, na amesema atakuja, usimpokee kwa upole.

Nisalimie wote waliokula chumvi ya nyumba hiyo, Sufian na mkewe, jirani Auma na wanawe, na Shangazi Hafidha upumzishe macho sasa. Msabaha anasema shikamoo na anaomba dua kontena lifike kavu. Mimi naomba dua ya kawaida tu, tuonane tukiwa tunajuana. Kauthar tangu juzi anabisha kila mlango, wa chumba, wa kabati, hata boksi. Nikiwa napika naacha mwiko, naenda kumjibu.

Mwanao akupendaye,
Sihaba, Mama Kauthar